UZI: "Tumenunua mashine za ICU." Sawa, lakini nani atazishika usiku?

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, afya inageuka mashindano ya kuhesabu mashine. Mmoja anasimama kwenye mdahalo anasema, "Nilileta vitanda 20 vya ICU." Mwingine anamjibu, "Vitanda gani, na watu wanakufa kwa kukosa oksijeni?" Wa tatu anaahidi mashine ya kisasa kabisa, ile inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Makofi yanapigwa, tunaenda nyumbani, na hakuna anayejua nani alisema ukweli.

2/ Uzi huu hauna jina la mwanasiasa wala chama. Lengo ni moja: mheshimiwa akitaja mashine za wagonjwa mahututi, ujue anaongea kuhusu nini na umuulize swali gani. Tutaangalia mashine zenyewe, kama kweli zinaokoa watu, sheria yetu inasema nini, pesa zinatoka wapi, halafu maswali. Ni mrefu. Weka chai karibu.

3/ Tuanze na mwili. Mapafu yana kazi mbili: kuingiza oksijeni kwenye damu na kutoa hewa chafu. Moyo ni pampu. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake unasukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Mapafu yakikwama au pampu ikisimama, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Hiyo "dakika chache" ikumbuke, tutairudia tukifika kwa ambulensi.

4/ Msaada wa kupumua ni kama ngazi, unapanda hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: oksijeni ya kawaida, kwa barakoa au mirija midogo ya puani.
Hatua ya 2: mashine inayosukuma hewa kwa presha kupitia barakoa. Mgonjwa bado anapumua mwenyewe, anasaidiwa tu.
Hatua ya 3: ventileta. Mgonjwa anapewa dawa ya usingizi, mrija unaingizwa kooni hadi kwenye njia ya hewa, mashine inampumulia.
Hatua ya 4: ECMO. Hapa ndipo maneno makubwa ya midahalo yanatoka.

5/ ECMO ni nini? Damu inatolewa mwilini kwa mrija mnene kutoka mshipa mkubwa, mara nyingi wa paja au shingo. Inapita kwenye pampu, halafu kwenye pafu la bandia ambalo linaitia oksijeni na kuondoa hewa chafu. Kisha inapashwa joto na kurudishwa mwilini. Yaani mzunguko wa damu unatoka nje ya mwili, unahudumiwa, unarudi. Bila kusimama, mchana na usiku, kwa siku au hata wiki kadhaa.

6/ Kuna aina mbili kuu. Kama shida ni mapafu peke yake, damu inarudishwa kwenye mshipa unaoelekea moyoni, na moyo unaendelea kuisukuma wenyewe. Kama moyo nao umechoka, damu inarudishwa kwenye ateri, na mashine inabeba kazi zote mbili. Aina ya pili ni nzito zaidi na ina hatari zaidi, mfano mguu ulioingizwa mrija kukosa damu.

7/ Sasa jambo ambalo halisemwi jukwaani: ECMO haitibu ugonjwa wowote. Ventileta pia haitibu. Zinanunua muda. Muda wa dawa kufanya kazi, mapafu kupona, moyo kupata nguvu, au mgonjwa kufanyiwa upasuaji. Kama hakuna kitu kinachoweza kupona na hakuna matibabu yanayokuja baadaye, mashine inakuwa daraja ambalo halina ng'ambo.

8/ Na muda huo una bei mwilini. Damu ikipita kwenye plastiki inataka kuganda, kwa hivyo mgonjwa anapewa dawa ya kuzuia kuganda. Dawa hiyo hiyo inaweza kumfanya avuje damu, hata ndani ya ubongo. Kuna maambukizi pia. Ndiyo maana lazima kuwe na maabara ya kupima damu usiku na mchana, na benki ya damu yenye damu. Si damu ya "kesho tutafanya kampeni ya kuchangia." Damu ya sasa hivi.

9/ Usichanganye ECMO na mashine ya moyo ya chumba cha upasuaji. Ile ya upasuaji ilifanya kazi kwa mafanikio mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1953 huko Philadelphia, Marekani, mikononi mwa daktari John Gibbon. Inatumika kwa saa chache, moyo ukiwa umesimamishwa ufanyiwe kazi. Upasuaji wa moyo wa aina hiyo si mgeni Kenya. Unafanywa Kenyatta, unafanywa Mater (ndiyo sababu ya zile mbio za kila mwaka za kuchangia watoto wenye ugonjwa wa moyo), na unafanywa Tenwek kule Bomet.

10/ ECMO ni mtoto wa mashine hiyo, ila imetengenezwa kukaa na mgonjwa kwa muda mrefu kitandani. Mwaka 1971 kijana aliyeumia kwenye ajali huko California alipona baada ya kuunganishwa kwa siku kadhaa. Mwaka 1975 daktari Robert Bartlett akaitumia kwa mtoto mchanga, na mtoto akapona. Kwa hivyo mtu akikwambia "tuna mashine ya moyo na mapafu," swali la kwanza ni: ya saa chache za upasuaji, ama ya wiki mbili za ICU? Ni mashine mbili, timu mbili, bajeti mbili.

11/ Je, inaokoa watu? Hebu tuone ushahidi, si matangazo.

Uingereza walifanya jaribio lililoitwa CESAR, likachapishwa 2009. Wagonjwa 180 wenye mapafu yaliyoharibika vibaya sana. Nusu walipangiwa kupelekwa kituo kimoja cha ECMO huko Leicester, nusu wakabaki na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi 6, asilimia 63 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ulemavu mkubwa. Kundi la pili, asilimia 47.

12/ Ukisoma hapo tu utasema, "Nunua leo!" Ngoja kwanza. Katika wale 90 waliopangiwa kwenda Leicester, karibu robo hawakuwahi kuwekwa kwenye ECMO. Wengine walipona kwa uangalizi mzuri wa kituo chenyewe bila mashine. Na 5 walikufa kabla ya kusafirishwa au njiani. Kwa hivyo jaribio lilipima kitu kikubwa kuliko mashine: lilipima faida ya kumpeleka mgonjwa kwa timu iliyobobea. Mashine ilikuwa sehemu ya timu hiyo.

13/ Jaribio lingine, EOLIA, lilichapishwa 2018. Wagonjwa 249. Baada ya siku 60, asilimia 35 ya waliowekwa kwenye ECMO mapema walikuwa wamekufa, na asilimia 46 ya kundi lingine. Tofauti inaonekana, lakini kwa vipimo vya takwimu haikutosha kusema kwa uhakika kwamba si bahati tu. Wataalamu wengi wanaona inasaidia, ila kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri na kwenye kituo chenye uzoefu. Hizo "ila" mbili ndizo zinapotea kwenye mikutano ya hadhara.

14/ Sasa niwapeleke Denmark, 1952. Hadithi hii inafaa kusomwa na kila mjumbe wa kamati ya afya, kuanzia Bunge hadi kwa MCA wako.

Polio ililipuka Copenhagen. Hospitali ya Blegdam ilipokea mamia ya wagonjwa, wengi watoto, waliopooza misuli ya kupumua. Mashine kubwa ya chuma ya kupumulia ilikuwa moja, na ndogo za kifuani sita. Katika wiki za mwanzo wagonjwa 31 walisaidiwa kwa mashine hizo. Walikufa 27.

15/ Wakamwita daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Akapendekeza jambo rahisi: toboa koo, weka mrija, sukuma hewa kwa mfuko wa mpira kwa mkono. Alionyesha kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakufa, na msichana akaishi. Lakini nani atabana mfuko usiku kucha, kwa wiki nyingi, kwa makumi ya wagonjwa?

16/ Wanafunzi wa udaktari. Karibu 1,500, kwa zamu, wakibana mifuko kwa mikono. Vifo vikashuka sana. Mwaka uliofuata, 1953, Ibsen akaanzisha chumba maalumu cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi wanakiita ICU ya kwanza duniani.

Ona hapo: ICU haikuzaliwa siku mashine iliponunuliwa. Ilizaliwa siku mgonjwa alipopata mtu wa kukaa naye saa 24.

17/ Twende hesabu, na hii unaweza kuifanya kwenye simu yako. Mgonjwa wa ventileta anapaswa kuwa na muuguzi wake mmoja wakati wote. Wiki ina saa 168. Muuguzi anafanya kazi saa 40. Gawanya: 4.2. Hiyo ni kabla ya likizo, kuugua, uzazi na mafunzo. Weka hayo, unafika 5 au zaidi. Kwa kitanda KIMOJA.

18/ Kwa hivyo "vitanda 10 vya ICU" maana yake ni wauguzi 50 hivi waliofunzwa kazi ya mahututi. Ongeza madaktari wa usingizi na wa mahututi, watu wa maabara, wa mazoezi ya viungo, wafamasia, mafundi wa vifaa tiba na wasafishaji wanaojua kuzuia maambukizi. Kwa ECMO, ongeza mtaalamu wa kuendesha mzunguko wa damu, awe karibu saa zote. Kaunti ikitangaza vitanda 10 na kwenye bajeti imeajiri wauguzi 12, sasa unajua vitanda vingapi vinafanya kazi. Viwili. Vingine ni fanicha.

19/ Hii si nadharia kwetu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa tiba kwa hospitali 98 nchini, wa miaka 7, kwa makadirio ya mwanzo ya Sh38 bilioni. Ndani kulikuwa na vifaa vya upasuaji, vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, vya picha, na vya ICU. Kila kaunti ilikatwa kiwango sawa: mwanzo Sh95 milioni kwa mwaka, baadaye karibu Sh200 milioni.

20/ Tuwe wa haki. Kwa baadhi ya kaunti mpango huo ulileta huduma ambayo haikuwapo kabisa. Mgonjwa wa figo aliyekuwa anapanda matatu usiku kwenda Nairobi mara mbili kwa wiki akahudumiwa karibu na nyumbani. Hilo halifutiki.

Lakini kwingine vifaa vilifika penye stima dhaifu, pasipo maji ya kutosha, pasipo chumba, pasipo mtaalamu. Vikakaa kwenye maboksi huku kaunti ikiendelea kukatwa. Seneti iliunda kamati maalumu kuchunguza, na ripoti yake ya 2020 ilikuwa kali.

21/ Somo la mpango ule kwa mdahalo wa leo: kununua, kukodi, ama kulipa kwa kila huduma inayotolewa ni mbinu tu za kulipia mashine. Hakuna mojawapo inayomleta muuguzi. Mtu akisema "sisi hatutakodi, tutanunua," au "hatutanunua, tutalipia huduma," amejibu swali la nani anamiliki chuma. Swali la nani yuko zamu saa tisa usiku bado liko pale pale.

22/ Halafu ikaja Covid. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa 13 Machi 2020. Utafiti wa uwezo wa hospitali zetu uliochapishwa mwaka huo ulikuta kwamba kaunti 22 kati ya 47 ndizo zilikuwa na angalau ICU moja. Na asilimia 58 tu ya vitanda vya hospitali vilikuwa kwenye hospitali zenye oksijeni. Soma tena sentensi ya pili. Kabla ya kufika ventileta, kabla ya kuota ECMO, hatua ya kwanza kabisa ya ngazi ilikuwa haifiki kila mahali.

23/ Na oksijeni yenyewe si "mtungi" tu. Kuna kiwanda kidogo cha hospitali kinachochuja hewa, kinachotaka stima ya uhakika na fundi. Kuna mabomba ya kuipeleka wodini. Kuna mitungi ya akiba. Kuna kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima kiwango cha oksijeni kwenye damu, maana bila hicho hujui nani anahitaji. Picha ya kukata utepe kwenye kiwanda ni nzuri. Uliza kama bomba limefika wodi ya watoto na ya akina mama.

24/ Sheria sasa. Katiba ya 2010, Kifungu 43(1)(a): kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu 43(2): hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne: hospitali za rufaa za kitaifa na sera ya afya ni za serikali ya kitaifa. Hospitali za kaunti, huduma za ambulensi na afya ya msingi ni za kaunti.

25/ Kwa hivyo gavana akisema, "ICU si kazi yangu, ulizeni Nairobi," muulize kuhusu hospitali ya kaunti na ambulensi. Na mtu wa serikali ya kitaifa akisema, "afya iligatuliwa, ulizeni gavana," muulize kuhusu hospitali za rufaa, mafunzo ya wataalamu na pesa zinazofuata kazi. Wote wawili wana sehemu. Huo mchezo wa kurushiana mpira ndio unaotumaliza.

26/ Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inafafanua dharura: ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa kama uwezo haupo. Hospitali ikikataa kutoa huduma hiyo ilhali ina uwezo, ni kosa, na faini inaweza kufika Sh3 milioni. Angalia maneno "ilhali ina uwezo." Hapo ndipo mlango mdogo ulipo. "Hatuna kitanda" ni jibu ambalo mwananchi aliye mlangoni na mgonjwa hana njia ya kulithibitisha.

27/ Mnakumbuka Oktoba 2015? Mwanamume aliyegongwa na gari alikaa takriban saa 18 kwenye ambulensi Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU. Mlango mmoja hakuna nafasi, mlango mwingine wanataka amana ya pesa kwanza. Alifariki. Haki ya 43(2) ilikuwa kwenye Katiba tayari miaka mitano. Ambulensi ilikuwepo. Wahudumu walikuwa ndani naye, wakijitahidi. Kilichokosekana ni mtu mmoja kwenye simu anayejua, kwa wakati huo, kitanda kilicho wazi kiko wapi, na mwenye mamlaka ya kusema "mpelekeni pale."

28/ Kituo cha kuratibu vitanda na rufaa ni rahisi sana ukilinganisha na mashine moja ya ECMO. Ni simu, kompyuta, watu wa zamu, na amri kwamba kila hospitali iripoti vitanda vyake. Lakini hakina utepe wa kukata. Ndiyo maana hukisikii kwenye manifesto.

29/ Swali gumu zaidi: vitanda vikiwa vichache, nani apewe? Afrika Kusini walilifikisha Mahakama ya Katiba mwaka 1997. Mgonjwa wa figo alidai huduma ya kusafisha damu katika hospitali ya umma akitegemea haki ya matibabu ya dharura. Mahakama ilikataa: ugonjwa wake ulikuwa wa kudumu, si dharura ya ghafla, na serikali ina haki ya kupanga matumizi ya rasilimali chache ikiwa inafanya hivyo kwa vigezo vya haki. Alifariki siku chache baadaye.

30/ Unaweza kuichukia hukumu hiyo. Lakini ona kitu kimoja: hospitali ilikuwa na vigezo vilivyoandikwa, na mahakama iliweza kuvipima. Mahali pasipo na vigezo, uchaguzi haukomi kufanyika. Unafanyika kwa "unajua mtu?", kwa simu ya mheshimiwa, kwa amana. Kwa hivyo anayekuahidi mashine ghali na adimu, muulize orodha ya kusubiri itasimamiwa na nani, na kama yeye mwenyewe atapanga foleni.

31/ Pesa. SHA ilianza kazi 1 Oktoba 2024 ikichukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Kuna mifuko mitatu: wa afya ya msingi, wa bima yenyewe (SHIF), na wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. Jedwali la viwango lililotolewa mfumo ulipoanza liliweka Sh28,000 kwa siku moja ya ICU.

32/ Tufanye mfano. Tuseme hospitali inatoza Sh60,000 kwa siku na mgonjwa analala siku 14. Bili ni Sh840,000. Kwa kiwango hicho bima inalipa Sh392,000. Inabaki Sh448,000. Hapo ndipo kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, namba ya paybill inatumwa, shamba linatafutiwa mnunuzi. Na hii ni ICU ya kawaida. ECMO ina pafu la bandia na mirija ya kutupwa kwa kila mgonjwa, pamoja na timu kubwa zaidi. Kwa hivyo "tutaleta ECMO" bila kusema bima italipa ngapi maana yake ni "tutaleta ECMO ya wenye nacho."

33/ Sasa ule mdahalo wenyewe, pande zote mbili kwa haki.

Upande wa kwanza: "Tuanze na oksijeni, wauguzi na ambulensi kila kaunti. ECMO ni anasa wakati mtoto mwenye nimonia anakosa oksijeni." Hoja nzito. Shilingi ile ile ya umma inaokoa watu wengi zaidi chini ya ngazi kuliko juu.

34/ Upande wa pili: "Nchi haiwezi kungoja hadi chini pakamilike ndipo ianze juu. Tukikosa kituo cha kitaifa, wenye pesa watasafiri India na Afrika Kusini, na wataalamu wetu watahamia huko. Kituo kimoja kizuri kinafundisha nchi nzima." Nayo si hoja ya kudharau. Dayalisisi pia iliwahi kuitwa anasa.

35/ Maoni yangu, na unaweza kuyapinga: pande hizi hazigombani kama zinavyofanywa zigombane. ECMO ni kazi ya kituo kimoja au viwili vya rufaa vya kitaifa, vyenye wagonjwa wa kutosha kuifanya timu ibaki na uzoefu. CESAR walipeleka wagonjwa wa nchi nzima kituo kimoja. Si kazi ya kaunti 47. Kwa hivyo gavana anayeahidi ECMO kwenye hospitali ya kaunti anaahidi kitu kibaya hata kama akikitimiza, kwa sababu timu inayoona wagonjwa wawili kwa mwaka haiwezi kuwa nzuri.

36/ Na kituo cha juu hakifanyi kazi bila chini. Mgonjwa wa ECMO anatoka wapi? Anatoka kwenye ventileta ya kaunti, iliyotanguliwa na oksijeni ya hospitali ndogo, na ambulensi iliyomfikisha akiwa hai. Ngazi isiyo na hatua za chini haipandwi. Anayeanza juu peke yake anajenga huduma ya watu wanaoishi dakika kumi kutoka kituo hicho.

37/ Jambo la mwisho, na ni zito. Mashine hizi zinaleta swali ambalo familia zetu hazijazoea: lini tuache? Mgonjwa anaweza kuonekana yuko sawa, kifua kinapanda na kushuka, mwili una joto, na bado hakuna tumaini la kupona. Daktari akisema tuzime, familia inasikia "wanataka kitanda" au "ni kwa sababu hatuna pesa." Na mahali ambapo pesa kweli huamua mambo mengine, nani atawalaumu kwa kushuku?

38/ Ndiyo maana uaminifu ni sehemu ya ICU kama vile stima. Familia ikijua vigezo ni vile vile kwa tajiri na maskini, ikielezwa kila siku kwa lugha inayoielewa, ikajua mwili hautazuiliwa mochari kwa sababu ya bili, inaweza kukubali ukweli mgumu. Bila hayo, kila uamuzi wa kitabibu unakuwa tuhuma. Hilo nalo halinunuliwi kwa tenda.

39/ Haya, maswali ya kubeba. Yaandike kwenye simu, uende nayo baraza, kikao cha bajeti ya kaunti, au uyatupe kwenye mdahalo wa moja kwa moja:

a) Kati ya vitanda vya ICU ulivyotaja, vingapi vilikuwa na mgonjwa na muuguzi wiki iliyopita?
b) Umeajiri wauguzi wangapi waliofunzwa kazi ya mahututi, na kwa kandarasi ya muda gani?
c) Bomba la oksijeni limefika wodi gani? Stima ikipotea, jenereta inachukua muda gani kuwaka?

40/ d) Mkataba wa matengenezo uko wapi, na fundi anafika baada ya saa ngapi?
e) Mgonjwa akihitaji kitanda usiku, nani anapigiwa simu, na namba ni ipi?
f) Bima inalipa ngapi kwa siku, na pengo linabebwa na nani?
g) Vigezo vya nani aingie ICU vimeandikwa? Vinaonekana na umma?

Swali (a) ndilo kubwa. Anayejibu kwa idadi ya vitanda vilivyonunuliwa hajalijibu. Rudia swali.

41/ Na wewe unayefuatilia siasa, usishangilie mashine ya upande wako na kudharau ya upande mwingine. Ventileta haina rangi ya chama. Siku utakapoihitaji hutauliza ilinunuliwa na nani. Utauliza kama inafanya kazi, na kama kuna mtu macho pembeni yake.

42/ Mwisho wa uzi. Kama wewe ni muuguzi, fundi wa vifaa tiba, ama mhudumu wa ambulensi, tuambie hapa chini hali ilivyo kwa ground, bila kutaja jina la mgonjwa wala la hospitali. Wengine, sambazeni kwenye kikundi cha wadi yenu kabla kikao cha bajeti hakijaisha.